Kanuni za besiboli ya watoto ziandikwe kwa ajili ya yule asiyejua kupiga

Kila nikiona tangazo la mashindano ya watoto hapa Dar, iwe mpira, netiboli au sasa hivi besiboli, natafuta kwanza sehemu ya kanuni kabla sijaangalia zawadi wala mgeni rasmi, na mara nyingi kanuni zenyewe ni mistari michache tu, umri mwisho miaka kumi, kila timu wachezaji kumi na tano, uamuzi wa refa ni wa mwisho, basi. Kwa mpira wa miguu unaweza ukapona na hiyo, maana watoto ukiwatupia mpira pale Mwembe Yanga bila maelezo yoyote wote watakimbia na karibu wote watagusa. Besiboli haiko hivo. Kwenye besiboli mtoto anaweza kusimama juani saa nzima asiguse mpira hata mara moja, ikifika zamu yake ya kupiga anarushiwa mipira minne mibovu anaambiwa haya nenda besi ya kwanza, mechi inaisha, na akifika nyumbani Mbagala akiulizwa umecheza nini leo hana cha kusimulia. Na kinachoamua kama mtoto atapitia hayo au hatapitia ni ile karatasi ya kanuni, kuliko hata kocha.

Naongea hili sasa kwasababu mchezo unasogea kwa wadogo. Besiboli ya hapa kwetu imebebwa sana na Wajapani, wamefundisha, wameleta vifaa, na pale Azania Sekondari, Upanga, upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wao. Ila sura ya mchezo imekuwa ya sekondari, vijana wenye mikono na miguu tayari. Ukishuka darasa la kwanza mpaka la nne ndo mambo yanabadilika kabisa, na kosa ninaloliona ni watu kuchukua kanuni za wakubwa, wanapunguza iningi kutoka tisa kuwa tano, alafu wanaamini wameshatengeneza mchezo wa watoto. Bado hawajatengeneza. Mimi nasema kanuni za chini ya miaka kumi ziandikwe zikimwangalia mtoto dhaifu kuliko wote kwenye timu, yule ambaye gongo la kupigia bado linamzidi uzito, maana mwenye kipaji atang'ara kwa kanuni yoyote utakayoweka.

Kwa asiyeujua mchezo nieleze haraka. Timu moja inapiga, nyingine imetawanyika uwanjani watu tisa. Mrushaji anamrushia mpigaji, mpigaji akiupiga anakimbia kupitia besi, yani vituo vya kukimbilia, ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka arudi homu, pale alipopigia, akifika homu ni pointi. Wale wa uwanjani wanatafuta auti tatu, yani kuwatoa wapinzani watatu, zikitimia wanabadilishana. Timu zote mbili zikishapiga hiyo ni iningi moja. Mrushaji akikosea mara nne kwa mpigaji mmoja, yani mipira minne nje ya eneo linalotakiwa na mpigaji hajaitikia, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure. Hii ya mwisho muishike, nairudia hapo chini.

Tuanze na vipimo maana hapo ndo panaharibika kabla hata mechi haijaanza. Uwanja wa wakubwa kutoka besi hadi besi ni mita 27.43 na mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka homu. Little League, shirika la besiboli ya watoto lililoanza 1939 huko Williamsport, Pennsylvania, walishapunguza zamani sana, kwao watoto mpaka miaka 12 besi ni mita 18.29 na mrushaji mita 14.02. Sasa chukua mtoto wa besi ya tatu anayetaka kumtoa mkimbiaji wa besi ya kwanza, yeye anarusha kukatiza uwanja mzima, na kwa uwanja wa wakubwa huko kukatiza ni kama mita 39, kwa uwanja wa Little League ni karibu mita 26. Mtoto wa darasa la pili wa kurusha mita 26 mpira ukafika kwa mwenzake, na mwenzake akaudaka, ni wachache sana. Matokeo yake kila mpira unaopigwa chini mkimbiaji anafika tu, hakuna auti, watoto wa uwanjani wanagundua ndani ya iningi moja kwamba kuukimbilia mpira hakuna faida, na kuanzia hapo wanachora mchangani. Watu wanasema watoto hawana umakini. Umakini wanao, ila umbali mliowawekea umewaambia msijisumbue.

Kwahiyo kwa miaka nane kushuka mimi naweka besi mita 15 na kidogo, na hiyo sio ya kubuni, hata Little League wanairuhusu kwa wale wadogo kabisa wanaopigia mpira uliowekwa kwenye kistendi. Kwa miaka tisa na kumi weka hiyo 18. Na tafadhali ipimwe kwa futi kamba, mambo ya kupima kwa hatua yaishe, maana mwenye miguu mirefu akipima upande mmoja na mfupi akipima mwingine mnakuwa na uwanja uliopinda na mtoto ndo anaambiwa amechelewa. Na kwasababu viwanja vyetu vingi ni viwanja vya shule, una mwembe huku, shimo kule, ukuta wa vyoo upande wa tatu, kila uwanja uwe na maelewano yake yanasomwa kwa makocha wote kabla ya mechi ya kwanza: mpira ukigonga mwembe ni besi mbili, ukiingia kwenye nyasi ndefu ni besi mbili, ukivuka ukuta hakuna mtoto anayeufuata, anaenda mtu mzima.

Sasa hii ya kurusha, na hapa nitakaa kidogo.

Ukiwaacha watoto wa miaka saba, nane warushiane wenyewe kwa kanuni za kawaida, mechi inageuka kuwa maandamano, mipira minne mibovu, besi bure, mipira minne mibovu, besi bure, anayefuata. Mrushaji analia, waliosimama nyuma yake hawajaona mpira dakika ishirini, na makocha wanafanya kitu ambacho kihesabu ni sahihi kabisa, wanamwambia mtoto "usipige, tulia, subiri tu". Nimeyasikia haya kwa masikio yangu, na kocha ukimkalisha akupigie hesabu atakuonyesha kwamba mtoto wake asipopiga ana nafasi kubwa ya kufika besi kuliko akijaribu. Fikiria hilo. Mtoto amekuja kwenye mashindano ya mchezo wa kupiga mpira, na njia bora ya kuisaidia timu yake ni asipige. Lawama hapo huwezi kumpa kocha, alipewa mchezo wenye kanuni hizo akautafutia ushindi, hata ungekuwa wewe ungefanya hivohivo.

Dawa yake ipo na wala haina gharama. Miaka nane kushuka hakuna besi ya bure, na anayerusha ni kocha wa timu inayopiga. Wengine wanaweka kocha wa timu pinzani au mtu wa kati, mimi nakataa, kocha akimrushia mtoto wake mwenyewe anatafuta kila namna mpira ukutane na gongo, anamjua huyu anapenda chini, yule anapenda taratibu. Mtoto anapata mipira mitano, ikishindikana kinaletwa kistendi, mpira unawekwa juu, anapiga, anakimbia. Kila mtoto anayeshika gongo lazima aondoke akiwa ameupiga mpira. Kwa miaka tisa na kumi warushe wenyewe maana ni lazima wajifunze, ila mipira mibovu ikifika minne kocha wa mpigaji anaingia kumalizia, besi ya bure hakuna.

Kuiba besi, yani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, nako kusubiri. Kwa wakubwa kuna raha yake, mkimbiaji anachomoka, mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji anarusha, kuna ubishi wa haki. Kwa mtoto wa miaka tisa mdakaji hana huo mkono, kwahiyo kila atakayefika besi ya kwanza ataishia ya tatu bila mtu kupiga. Little League wenyewe kwa wa miaka 12 kushuka hawaruhusu mkimbiaji aondoke kwenye besi mpaka mpira umfikie mpigaji. Chini ya miaka kumi mimi nafunga kabisa.

Jingine ambalo kwangu halina mjadala ni nani anacheza. Little League wana kiwango cha chini cha lazima, kila mtoto apate angalau zamu moja ya kupiga na acheze uwanjani auti sita, ambayo ni kama iningi mbili. Ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila kwa watoto wadogo naona ni kidogo mno. Fikiria mama yuko Gongo la Mboto, ameamka saa kumi na moja alfajiri, amemvalisha mtoto, wamepanda magari mawili mpaka Upanga, nauli ya kwenda na kurudi, maji, andazi, alafu mtoto anapiga mara moja na iningi zilizobaki amekaa chini ya mti anashikishwa glavu za wenzake. Kanuni iseme hivi: timu ina watoto kumi na wanne, wote kumi na wanne wapo kwenye orodha ya kupiga na orodha inazunguka kwa mpangilio, hata aliyekuwa nje kwenye ulinzi zamu yake ya kupiga ipo palepale. Kwenye ulinzi hakuna mtoto anayekaa nje iningi mbili mfululizo. Na hakuna mtoto anayecheza sehemu moja zaidi ya iningi mbili, hii naiweka kwasababu kila mtu aliyewahi kukaa na makocha anajua mtoto asiyejua anafichwa nyuma kule upande wa kulia ambako mipira haifiki, anaandikwa amecheza na kweli alikuwepo uwanjani, lakini hajacheza.

Kuna watakaosema ukifanya hivo mwenye kipaji anabanwa. Anabanwaje, anapiga kila zamu yake ikifika, anarusha, anadaka, anazunguka sehemu zote na huko ndo anajifunza mchezo mzima. Anachopungukiwa ni zile zamu za wenzake tu.

Pointi ziwe na mwisho kwenye kila nusu iningi. Auti tatu au pointi tano, kinachotangulia, mnabadilishana. Bila hivo timu moja inaweza kupiga dakika arobaini peke yake, wale wengine wamesimama juani wamekufa moyo, na hata wanaopiga wenyewe ikishafika pointi ya kumi na mbili raha imeisha. Waandaaji wengi wanaacha iningi ya mwisho bila kikomo ili aliye nyuma apate nafasi ya kurudi, naelewa nia yao, ila mara nyingi aliye mbele ndo anaitumia kuongeza mauaji, kwahiyo nayo ifungwe kwa tano.

Na hapa natofautiana na kanuni moja inayosifiwa sana. Ipo kanuni ya huruma, kwa Little League timu ikiongoza kwa pointi 15 baada ya iningi tatu au 10 baada ya iningi nne mechi inasimamishwa. Kwa wakubwa sawa. Kwa watoto wa darasa la pili huruma gani hiyo ya kuwanyima muda wa kucheza wale ambao ndo wanauhitaji kuliko wote? Hao waliofungwa ndo wasiojua, na wewe unawafungasha warudi nyumbani mapema wakati wale wanaojua wanasubiri fainali. Mimi nasema tofauti ikifika kumi ubao wa matokeo unafungwa, matokeo yanaandikwa, ushindi umeshapatikana, na mchezo unaendelea mpaka muda wao uishe, ikiwezekana wachanganyeni.

Sasa mkono.

Hili ndo eneo ambalo kanuni mbovu inaumiza mtu kweli. Mtoto anakua, na kwenye kiwiko na bega lake zipo sehemu ambazo mfupa bado haujakomaa, ni gegedu, ndo unakolea polepole. Kurusha kwa nguvu kunavuta hapohapo, na kurusha mara nyingi bila kupumzika kunavuta hapohapo tena kabla hapajatulia. Little League zamani walikuwa wanahesabu iningi, kuanzia 2007 wakahamia kuhesabu mipira yenyewe, kwasababu iningi moja inaweza kuwa mipira tisa au mipira arobaini na kiwiko hakijui iningi. Viwango vyao kwa siku ni mipira 50 kwa miaka 7 na 8, mipira 75 kwa miaka 9 na 10, mipira 85 kwa miaka 11 na 12. Alafu kuna mapumziko ambayo watu wanayasahau, kwa wa miaka 14 kushuka ukirusha 1 mpaka 20 hakuna shida kesho, 21 mpaka 35 unapumzika siku moja, 36 mpaka 50 siku mbili, 51 mpaka 65 siku tatu, 66 na kuendelea siku nne.

Sasa yaweke hayo kwenye mashindano yetu ya Jumamosi na Jumapili. Mtoto hodari amerusha mipira 60 Jumamosi asubuhi, yupo ndani ya kiwango cha siku, kocha anajiona hajakosea. Kwa hesabu ya mapumziko huyo mtoto anatakiwa arudi kurusha Jumatano, wakati fainali ni kesho yake. Na kesho yake atarusha, nani atamkataza, kombe lipo mezani, baba yake yupo, na mtoto mwenyewe ukimuuliza mkono unauma atakwambia hauumi. Kwahiyo kwa mashindano ya siku mbili ya chini ya miaka kumi napendekeza kitu rahisi sana, mipira 20 kwa mtoto kwa siku, ikifika 20 katikati ya mpigaji anammalizia huyo anatoka. Kwa 20 hakuna hesabu ya mapumziko ya kubishania, na kocha analazimika kuandaa warushaji watano, sita badala ya mmoja, ambayo kwa maendeleo ya mchezo ndo tunachokitaka. Hesabu inashikwa na watu wawili wenye daftari, mmoja kila timu, wanalinganisha kila iningi ikiisha. Na akitoka kurusha asipelekwe kudaka nyuma ya mpigaji, maana mdakaji naye anarusha mpira kila mara kumrudishia mwenzake, Little League kwao aliyerusha 41 na zaidi haruhusiwi kudaka siku hiyo.

Kuna wanaoamini kwamba ukali ndo besiboli ya Kijapani na sisi tumejifunza kwao, eti Koshien kule vijana wanarusha mpaka mwisho. Koshien ni mashindano yao ya sekondari yaliyoanza 1915, na kweli wana historia ya vijana kurusha siku mfululizo mpaka watu wanalia majukwaani. Lakini hao hao Wajapani kuanzia 2020 wameweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki kwa mrushaji mmoja. Wenye mila yao wamebadilika, na hao ni vijana wa miaka 16, 17, sasa wewe wa darasa la tatu unamng'ang'aniza kwa mila ya nani?

Umri nao. Vijeba, wale waliopitiliza umri wanaochezeshwa na wadogo, tunawajua, hakuna mtu aliyesoma shule za msingi za nchi hii akashuhudia mashindano ya shule asiyewajua, na mamluki pia, mtoto wa shule nyingine anavalishwa sare asubuhi anapewa jina. Sio ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 2001 timu ya Bronx, New York, ilitikisa mashindano ya dunia ya Little League kwa mrushaji mmoja aliyekuwa hapigiki, baadae ikabainika ana miaka 14 kwenye mashindano ya mwisho miaka 12, ushindi wao wote ukafutwa. Jina lake silitaji, alikuwa mtoto, na wakubwa ndo waliopeleka karatasi, ila mpaka leo watu wanamkumbuka yeye. Na majirani zetu Waganda mwaka 2011 timu yao ya watoto ya Kampala ilishinda kanda ikapata tiketi ya kwenda Marekani, ikanyimwa viza kwasababu tarehe za kuzaliwa kwenye nyaraka zilikuwa hazieleweki. Mwaka uliofuata wakaenda watoto wa Lugazi, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale, na wakashinda mechi dhidi ya timu ya Oregon. Kwahiyo nyaraka sio urasimu, zinaweza kumfikisha mtoto mbali au kumkwamisha.

Ila ukiandika kanuni kwamba bila cheti cha kuzaliwa cha RITA hakuna kucheza, umewafungia nje watoto wengi ambao wazazi wao hawajakifuatilia cheti, na ni haohao wa familia zenye hali ngumu. Kipokelewe cheti, kadi ya kliniki, au nakala ya rejista ya darasa la kwanza yenye saini na muhuri wa mwalimu mkuu, vikusanywe wiki mbili kabla. Asubuhi ya mechi watu wasianze kumkagua mtoto meno na ndevu mbele ya wenzake. Na ikibainika udanganyifu anayeadhibiwa ni mtu mzima aliyesaini, anafungiwa yeye, timu inapoteza pointi, lakini yule mtoto asisimamishwe mbele ya umati, aitwe pembeni na mwalimu wake kwa heshima.

Vifaa nitavipitia haraka ila msivipuuze. Mpira halisi wa besiboli una gramu 142 mpaka 149 na ni mgumu, kwa hawa wadogo tumieni wa raba au ule laini, mpira mgumu ukimpata mtoto usoni siku ya kwanza hana siku ya pili. Helmeti kwa mpigaji na kwa kila mkimbiaji, bila helmeti mechi haianzi. Gongo liwe moja tu mkononi mwa mtu uwanja mzima, yule anayesubiri zamu asijizoeze kuzungusha pembeni, Little League wameshakataza hilo kwa wadogo na kwetu ambako wadogo zake wa miaka mitatu wanapita huku na kule nyuma ya mpigaji ndo muhimu zaidi. Na hapa nina jambo la haki: magongo, helmeti na glavu ziwe za mashindano, zikae uwanjani, zitumike na timu zote. Ukiacha kila timu ije na zake, shule ya ada ya mamilioni ya Masaki itakuja na magongo mepesi ya alumini na shule ya serikali ya Temeke itakuja na helmeti mbili za kupokezana, na wewe utaandika matokeo kana kwamba walicheza mchezo mmoja. Jezi zisilazimishwe, fulana ya michezo ya shule inatosha, raba zozote zinatosha.

Kama hata hivo vifaa havipatikani basi msiahirishe, chezeni Baseball5. Ni mchezo rasmi wa shirikisho la dunia, WBSC, watu watano kwa watano, mpira wa raba unaupiga kwa mkono, hakuna gongo hakuna glavu, besi ziko mita 13, iningi tano. Watoto wetu wanaocheza rede tangu wana miaka minne wataushika siku hiyohiyo. Umewekwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, na timu zake ni mchanganyiko, wavulana na wasichana. Hili la mchanganyiko liwe kwenye kanuni za besiboli pia kwa umri huu, Little League walifungua mlango kwa wasichana tangu 1974, sisi bado mtoto wa kike akionekana ana mkono mzuri anaelekezwa netiboli. Kila timu iwe na wasichana wasiopungua watano, na kwasababu orodha nzima inapiga, hakuna namna ya kuwaleta wakawa mapambo.

Wakubwa wa pembeni nao wanahitaji kanuni yao. Refa wa mashindano haya mara nyingi ni kijana wa sekondari, ana miaka 16, anapigiwa kelele na watu wazima waliotoka na presha za Simba na Yanga. Anayeruhusiwa kuongea na refa ni kocha mmoja wa kila timu, iningi ikiisha, kwa sauti ya kawaida. Mzazi akimtukana refa au mtoto yeyote, wa timu yoyote, mchezo unasimama mpaka huyo mzazi atoke nje ya geti, timu yake haipigwi faini, watoto wake hawaadhibiwi, ila saa inaendelea kutembea na wazazi wenzake watamtoa wenyewe. Ni bora aibu impate mtu wa miaka arobaini kuliko refa aache kuja wiki ijayo.

Muda: mechi ya kwanza saa mbili asubuhi, ya mwisho imalizike kabla ya saa sita, jua la Dar la mchana ni la kumwangusha mtoto mzimamzima na unyevu wa hapa unajulikana. Maji kila iningi mbili, refa asimamishe, isiwe hiari ya kocha. Ikipita saa moja tangu mechi ianze hakuna kuanza iningi mpya. Ratiba itoke mapema maana wengine Jumamosi wana madrasa au tyusheni, Jumapili wengine wana kanisa, mtoto asipewe auti kwasababu amechelewa kutoka kusali. Mzazi akisema mapema mtoto wake atafika saa nne, orodha ya kupiga inamsubiri na hakuna adhabu. Kanuni zote ziandikwe Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, makocha wazipate mwezi mmoja kabla, mwenye hoja ya kubadilisha kipengele aseme kabla ya droo, droo ikishafanyika hakuna kubadilisha.

Mwisho ni zawadi, na mimi naihesabu kama kanuni maana inaongoza tabia kuliko kipengele chochote nilichokitaja. Kwenye bonanza za wakubwa tumezoea mbuzi, ng'ombe, bahasha. Ukiweka mbuzi au laki tano kwa timu ya watoto wa miaka tisa umeita vijeba, umeita mamluki, umemwambia kocha amfiche asiyejua na amchoshe anayejua, kanuni zako zote za hapo juu zitatafutiwa njia ya kupitia pembeni. Chini ya miaka kumi pesa isiwepo kabisa, wala mchezaji bora wa mashindano asiwepo. Medali ziwe sawa kwa kila mtoto aliyecheza mpaka siku ya mwisho, na ile bajeti ya kombe kubwa la kupigia picha na mgeni rasmi inunue mipira ya raba na kistendi cha kupigia kwa kila shule iliyoleta timu, wakabidhiwe palepale uwanjani kabla hawajapanda daladala, ili Jumatatu wakati wa michezo wale wasiojua kupiga wawe na kitu cha kupigia.